Hamira ya maandazi haina kesi na fangasi wako

Dada, umeuliza kama uache maandazi kwa sababu fangasi ukeni wanakurudia, na jirani kakwambia hamira ndiyo inayowalisha. Kula maandazi yako. Hamira ya dukani ni jamii nyingine, Saccharomyces cerevisiae, na kwenye mafuta ya moto inakufa. Anayekusumbua kwa kawaida ni Candida albicans, ambaye wengi wetu tunaishi naye bila ugomvi. Wala si kila Candida ni adui: yupo aliyeitwa Candida utilis, ambaye Wajerumani walimkuza kwa mabaki ya viwanda vya mbao na karatasi wakati wa Vita Kuu ya Pili ili wapate protini. Hadi leo anatiwa kwenye vyakula vya pakiti na vya mifugo.

Kinachonitia wasiwasi ni hiyo Flagyl unayomeza kila ukiwashwa. Ni ya bakteria na baadhi ya vimelea, fangasi haiwagusi. Ute mzito mweupe kama maziwa mgando, unaowasha bila harufu kali, mara nyingi ni wa fangasi. Ute huo ukinuka samaki, tafuta sababu nyingine.

Fangasi wakirudi mara 3 au zaidi kwa mwaka, kapime ute maabara, pamoja na sukari na VVU. Kama una mimba, usijinunulie fluconazole, dawa ya fangasi ya kumeza. Kuna clotrimazole ya kuweka ukeni, muulize daktari. Na acha kujiosha ndani kwa sabuni, hata zile zinazouzwa kwa kazi hiyo.