Alama 67 ni za mlangoni tu

Ndugu unayeanza kupiga hesabu za kuhamia Kanada kwa ujuzi wako kupitia Express Entry, mfumo wa serikali ya kule wa kuwachagua wahamiaji wenye ujuzi, naomba ujue mapema jambo lililonichelewesha mimi karibu miaka miwili. Kuna hesabu mbili za alama, si moja. Ya kwanza ni ya 100, na ukifikisha 67 unahesabiwa kuwa na sifa. Ya pili ni ya 1,200, nayo ndiyo inayokupanga kwenye foleni na wenzako. Mimi nilifikisha 67 kamili, nikaanza kuuza vitu vya ndani. Mwaliko wa kuomba ukaazi haukuja.

Tuanze na mlango. Lugha ina alama 28, elimu 25, uzoefu wa kazi 15, umri 12, ajira iliyothibitishwa Kanada 10, na zile za kuonyesha kwamba utayazoea maisha ya kule, 10. Sikuwa na mwajiri huko wala ndugu wa karibu, kwa hiyo 20 za mwisho nilizisahau. Umri wa miaka 29 ukanipa 12, shahada ya kwanza 21, miaka mitatu ya kazi 11. Jumla 44. Zilizobaki 23 zilipaswa kutoka kwenye lugha, na lugha ya kwanza mwisho wake ni 24.

Angalia vizuri hapo. Utaambiwa kiwango cha chini cha Kiingereza ni CLB 7 (CLB ni kipimo cha Kanada cha uwezo wa lugha), na ni kweli. Lakini CLB 7 katika stadi zote nne inakupa alama 16 tu, na mtu mwenye hali kama yangu anaishia 60. Amefaulu lugha, mlango haujafunguka.

Kwenye IELTS, mtihani wa Kiingereza (fanya ule wa General Training, Academic haukubaliki kwa njia hii) nilipata kusikiliza 8.0, kusoma 7.0, kuzungumza 7.0, kuandika 6.5. Stadi tatu zikafika CLB 9, kuandika kukabaki CLB 8. Alama 23. Mlangoni nikapita bila salio.

Kwenye foleni ile nusu ya kuandika ilinitafuna. Nilikuwa na 384. Ningepata 7.0 ningekuwa na 429. Tofauti ya alama 45! Stadi yenyewe inachangia 8 tu kati ya hizo. Zilizobaki 37 zinatoka pale ambapo lugha huunganishwa na shahada na uzoefu wa kazi, na huko ukikosa CLB 9 kwenye stadi moja tu, unahesabiwa kama hujafika kabisa. Ndiyo maana nawasihi watu wasiache kurudia mtihani kwa sababu "67 zimeshatimia". Nilirudia, na kwa wiki saba kila siku niliandika barua moja na insha moja kwa saa ya mezani, nikampa mwalimu asahihishe.

Umri nao una sura mbili. Mlangoni alama zako hazipungui mpaka utimize 36. Kwenye foleni asiye na mwenzi anaanza kupoteza siku anayotimiza 30: 110 zinakuwa 105, mwaka unaofuata 99. Usisubiri "mambo yakae sawa."

Hata 429 haikunitosha. Kilichonivusha ni Kifaransa. Tangu 2023 kuna raundi za mialiko kwa makundi maalumu, na wenye Kifaransa cha kiwango cha 7 katika stadi zote nne wana raundi zao, ambazo mara nyingi huita kwa alama za chini zaidi. Pendekezo la jimbo, yaani jimbo moja la Kanada kukuteua, linaongeza alama 600, kwa hiyo chunguza na hilo.

Kuhusu mawakala nitasema kwa ufupi: kufungua wasifu kwenye Express Entry ni bure, na hakuna mtu anayeweza "kukununulia" alama. Ukiwasilisha cheti cha uongo unafungiwa miaka 5.

Sasa barua ya kazi, maana hapa nimeona wenye alama nzuri wakikwama. Ukialikwa una siku 60 za kukamilisha maombi. Mwajiri wangu wa zamani alikuwa amenipa barua nzuri sana: mchapakazi, mwaminifu, tunamtakia kila la heri. Niliisoma upya siku ya 41 na jasho likanitoka. Haikutaja saa nilizofanya kazi kwa wiki, mshahara, wala hata jukumu moja. Afisa anayepima uzoefu hatazami cheo. Anatazama ulichokuwa ukifanya na kukilinganisha na maelezo ya kazi hiyo kwenye orodha ya taifa ya kazi za Kanada. Mwaka mmoja mfululizo wa saa 30 kwa wiki, yaani saa 1,560, lazima uonekane kwenye karatasi.

Nikaandika mwenyewe rasimu ya majukumu yangu halisi, manane, kwa maneno ya kila siku ya kazi ile, nikampelekea aliyekuwa msimamizi wangu ayahakiki. Alifuta moja, sawasawa kabisa, kwa kuwa nililifanya miezi miwili tu. Barua mpya, yenye nembo, tarehe, saa, mshahara na sahihi, ilinifikia siku ya 57.