Jasusi anayerudi kitabu hadi kitabu: jibu langu kwa aliyeuliza aanze na nani

Wakuu, mwenzetu ameuliza mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, kwa nini waandishi wa riwaya za kijasusi humrudisha mtu yuleyule wakati kila kitabu keshaimaliza kazi. Pili, je, ni lazima azisome kwa mpangilio au aokote chochote kinachomjia mkononi. Nimezisoma hadithi hizi zaidi ya miaka ishirini, nyingi nikianzia nyuma au katikati, na huko kukosea ndiko kulikonipa jibu. Nitagusa miisho ya vitabu viwili vitatu, kwa hiyo asiyependa kuharibiwa uhondo aruke panapotajwa Smiley.

Nilianza kwa George Smiley, jasusi Mwingereza wa mwandishi John le Carré, tena kwa kitabu kisichofaa kuanza nacho: Smiley's People cha 1979. Mwishoni Smiley amesimama Berlin usiku, karibu na Ukuta, akimngoja adui yake wa miaka mingi, mkuu wa ujasusi wa Kisovieti anayeitwa Karla, avuke daraja na kujisalimisha. Karla anavuka kwa miguu, mtu mdogo tu, amechoka. Kabla hajachukuliwa, kitu cha chuma kinaanguka chini. Ni kiberiti cha gesi. Smiley anakitazama, anawaza kukiokota, anakiacha palepale. Nilifunga kitabu nikiwa sijaelewa kwa nini mwandishi amehangaika hivyo na kiberiti.

Baadaye ndipo nikasoma Tinker Tailor Soldier Spy cha 1974. Humo Smiley anamsimulia kijana wake wa kazi, Peter Guillam, jinsi alivyokutana na Karla zamani katika gereza moja la Delhi. Joto kali, Smiley mgonjwa, na mbele yake mfungwa asiyetamka neno. Alikuwa akimshawishi asirudi Moscow kwa kuwa huko huenda akapigwa risasi. Alivyozidi kubembeleza ndivyo alivyozidi kuongea habari za wake na ndoa, mpaka, bila kukusudia, akawa anajieleza yeye mwenyewe na mkewe Ann. Alimpa sigara na kiberiti. Karla, mvutaji wa kutupwa, hakugusa sigara hata moja, lakini kiberiti aliondoka nacho. Kilikuwa zawadi ya Ann, kimechongwa maneno ya mapenzi. Karla alikuwa amesikia vya kutosha. Alijua pa kumpiga Smiley, na miaka ilipopita akampiga hapohapo, kupitia kwa Ann.

Basi nilikirudia kile kitabu cha mwisho, na safari hii nilipofika darajani nilishindwa kuendelea kwa dakika kadhaa.

Hilo ndilo jibu la swali la kwanza, kwa maoni yangu. Anarudi kwa sababu vitabu vyake vinakumbuka. Kazi ya kila kitabu huisha, lakini alichopoteza akiifanya hakirudi, na kitabu kinachofuata kinamkuta akiwa na pengo lile. Nikitaka kujua kama mfululizo una uzito siangalii njama wala silaha. Naangalia kama kidonda cha kitabu cha pili bado kinauma kwenye cha tano. Hata vitu vidogo vinahesabika: Smiley hufuta miwani yake kwa ncha pana ya tai, na ukishamzoea unajua, akianza kufuta, kuna mtu chumbani ameongopa au kuna jambo limemchoma.

Watu wengi hudhani James Bond ni kinyume cha hayo, kwa sababu wanamjua kwa filamu, na huko kwa miaka mingi kila hadithi ilianza kana kwamba jana haikuwepo. Vitabu vyenyewe vya Ian Fleming, kuanzia Casino Royale cha 1953, vina kumbukumbu kuliko vinavyosifiwa. Mwisho wa kile cha 1957, From Russia, with Love, Bond anachomwa sumu na kuanguka sakafuni, na msomaji anaachwa hapo. Mapema katika cha 1958, Dr. No, bosi wake na daktari wanajadili kama bado anafaa kazi. Bosi huyo, M, anamnyang'anya bastola yake ndogo aina ya Beretta kwa kuwa ilimkwama kwenye nguo siku ile ya hatari, anapewa Walther PPK. Na hapo nyuma yake kuna kisa ninachokipenda sana: msomaji mmoja mjuzi wa silaha alimwandikia Fleming kulalamika kwamba ile Beretta haimfai mwanamume wa kazi kama hiyo, Fleming akakubali, na fundi wa silaha ndani ya hadithi akampa jina la msomaji huyo, Boothroyd. Barua ya msomaji ikawa sehemu ya maisha ya jasusi.

Kisha katika cha 1963, On Her Majesty's Secret Service, Bond anaoa na mkewe anauawa saa chache baada ya harusi. Kitabu kilichofuata, You Only Live Twice cha 1964, kinamkuta amesambaratika, anakunywa, anaharibu kazi, M yuko karibu kumfukuza. Ukikisoma hicho peke yake utaona mtu mvivu na mlevi. Ukikisoma baada ya kile cha harusi utaona mjane.

Suala la umri huwasumbua waandishi wote hawa. Smiley wa kitabu cha kwanza, Call for the Dead cha 1961, aliingia idarani mwaka 1928. John le Carré alipoona anamhitaji bado kazini miaka ya sabini, akasogeza mbele tarehe hiyo hadi 1937 bila kuomba radhi kwa mtu. Nilipogundua nilikasirika kidogo, nikaona ni uzembe. Sasa sioni hivyo. Tarehe zimehama, lakini uchovu wa yule mtu umebaki uleule.

Ukiniuliza ni nani aliyefanya kazi hii kwa ufundi mkubwa kuliko wote nitakutajia Len Deighton na Bernard Samson wake. Riwaya tisa, tatu tatu, kuanzia Berlin Game cha 1983 hadi Charity cha 1996. Bernard anasimulia mwenyewe: amekulia Berlin, ni hodari, ana kinyongo na wakubwa waliosoma vyuo vikubwa, na anaamini anaona kila kitu. Unamwamini vitabu vitano vizima. Halafu kinakuja cha sita, Spy Sinker, na sauti ya Bernard haipo tena. Mambo yaleyale uliyokwisha kuyasoma yanasimuliwa upya kutoka nje, na unagundua ni mangapi hakuyajua, hata ndani ya nyumba yake mwenyewe. Sitasema zaidi. Mimi nilianza na hicho cha sita, nikajinyima mshangao ambao hauwezi kurudishwa. Nakusihi usifanye hivyo.

Wapo wasiokumbuka, na wana raha yao. Mfaransa Jean Bruce alimwanzisha jasusi aitwaye OSS 117 mwaka 1949, kabla ya Bond, na alipofariki 1963 mkewe Josette akaendelea kuandika. Jasusi wa namna hiyo ni kama koti: linabaki hata aliyelishona akiondoka. Hao soma unavyotaka.

Na tusisahau waliozaliwa ndani ya lugha hii. Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona mpaka Hofu, hazeeki wala hachakai, na kwa kipimo changu cha kumbukumbu angeanguka. Lakini haanguki, na nimefikiria sana kwa nini. Naona kinachokumbukwa kwake ni adui. Kitabu baada ya kitabu Gamba anapambana na wale wale wanaotaka kuhujumu ukombozi wa kusini mwa Afrika, na maadamu vita ile ilikuwa bado inapiganwa nje ya kurasa, msomaji hakuhitaji kukumbushwa. Joram Kiango wa Ben Mtobwa ni mtu tofauti, hana mwajiri, anajituma mwenyewe, na Nuru aliye ubavuni mwake humfanya aonekane binadamu zaidi kuliko Gamba. Nikitaka mwendo nachukua Musiba, nikitaka mtu nachukua Mtobwa.

Sasa mpangilio. Kwa Samson fuata namba bila kuruka hata kimoja. Kwa Bond wa Fleming, hakikisha tu cha 1957 kinatangulia cha 1958, na vya 1963 na 1964 vinafuatana. Kwa Smiley anza na Call for the Dead, ni chembamba, kisha The Spy Who Came in from the Cold cha 1963, ambamo Smiley hupita pembeni tu lakini mkono wake umo. Halafu vile vitatu vya Karla kwa zamu yake, yaani Tinker Tailor Soldier Spy, The Honourable Schoolboy na Smiley's People, cha mwisho kikiwa kile cha darajani.

A Legacy of Spies cha 2017 kiweke mbali mpaka umalize vyote. Humo Guillam, sasa mzee anayeishi shambani Ufaransa, anaitwa London kwa barua. Watoto wa watu wawili waliokufa katika kile kitabu cha 1963 wamekua, na wanadai kujua nani aliwatoa wazazi wao kafara. Imepita miaka 54 kati ya kitabu na kitabu, na faili bado liko wazi mezani.