Uliza Fundi: Kamera ya mbele ijiwashe yenyewe nikiweka L4

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni dereva wa safari, naendesha Land Cruiser ile ndefu ya kubeba wageni, ya mkono, yaani ina ule mkono wa pili wa gia (H2 tairi mbili zinavuta, H4 tairi nne, L4 tairi nne kwa gia nzito). Bosi kafunga redio ya Android yenye skrini kubwa na kamera ya rivasi, sasa kanunua na kamera ya mbele kwa sababu tukishuka kwenye makorongo boneti inafunika kila kitu, unaona mbingu tu na ncha ya snoko. Shida redio ina tundu moja tu la kamera, na fundi wa hapa kasema niwe nabonyeza swichi kila nikitaka kuona mbele. Sasa mkono mmoja usukani, mwingine gia, wageni wanauliza twiga yuko wapi, nabonyeza saa ngapi? Nataka nikiweka L4 tu ifunguke yenyewe. Inawezekana? — Dereva, Karatu

JIBU: Marahaba kijana wangu. Inawezekana, na wala sio gharama, unahitaji relei moja ya miguu mitano (swichi inayogeuzwa na umeme), dayodi mbili (zinapitisha umeme upande mmoja tu), mikroswichi moja (swichi ndogo ya kuminywa), fyuzi na waya. Huyo fundi wako hajakosea sana ila kakupa kazi ambayo gari lingeweza kuifanya lenyewe.

Kwanza elewa redio yako inavyofikiri. Nyuma yake kuna waya mwembamba umeandikwa BACK au REVERSE, ule ukipata moto wa volti 12 redio inaacha kila kitu inaonyesha kilichopo kwenye tundu la CAM. Haijui kama ni rivasi kweli au la, yenyewe inajua moto umefika basi. Kwa hiyo kazi zetu ni mbili, kuupa huo waya moto ukiwa rivasi AU ukiwa L4, halafu kuchagua kamera ipi iingie kwenye tundu. Na hapo kwenye kuchagua ndio watu wengi wanapokosea. Rivasi lazima ishinde siku zote. Uko korongoni, umekwama, umeweka L4 na unarudi nyuma, unataka kuona nyuma, sio mbele.

Ukiipanga relei vizuri hilo linajitatua lenyewe. Mguu 86 upeleke kwenye moto wa taa ya rivasi, 85 ethi (bodi ya gari). Mguu 30 unaenda kwenye tundu la CAM la redio (ule waya wa katikati wa plagi ya njano), 87 kamera ya nyuma, 87a kamera ya mbele. Zile waya za nje za plagi zote tatu unaziunganisha pamoja. Sasa relei ikiwa imelala inapitisha kamera ya mbele, ukiingiza rivasi inaamka inapitisha ya nyuma, huhitaji kufikiria chochote.

Kisha ule waya wa BACK. Unauletea moto kutoka sehemu mbili, taa ya rivasi na mikroswichi ya L4, kila mmoja upite kwenye dayodi yake, 1N4007 inatosha kabisa, ule mstari kwenye dayodi uelekee upande wa redio. Usije ukaziruka hizo dayodi ukasema ni mbwembwe za fundi! Ukiunganisha moja kwa moja, ukiweka L4 moto utarudi nyuma mpaka kwenye taa za rivasi, zitawaka huku unaenda mbele, na relei nayo itaamka kwa sababu inakula kwenye waya huohuo, matokeo yake unashuka korongo skrini inakuonyesha ulikotoka. Nimeona kwa macho yangu, jamaa alirudisha kamera dukani anadai ni mbovu.

Sasa mikroswichi. Utasikia mtu anakwambia chukua waya wa taa ya 4WD kwenye dashibodi, ni rahisi, upo palepale. Mimi nilifanya hivyo mara ya kwanza kwenye gari la mteja na nilijuta. Kuna magari taa ile inawaka H4 na L4 zote, sasa masika barabara za udongo mweusi mtu anatembea na H4 kutwa nzima, mteja akanipigia simu usiku analalamika hana ramani, hana muziki, skrini nzima ni matope ya mbele. Kitu kingine, waya ule mara nyingi haubebi moto, unabeba ethi, swichi ya kwenye transfa (boksi la gia za H2, H4 na L4) inaigusisha taa na bodi, kwa hiyo ukiupeleka kwenye BACK hakuna kitakachotokea. Na kwa magari mapya waya huo unaenda kwenye kompyuta ya gari, ukiunganisha koili ya relei pale unaweza kuisukumia volti 12 sehemu ambayo inasubiri volti 5, na hapo utalipa pesa nyingi kuliko kamera kumi. Waya wa kompyuta uache kama ulivyo.

Wewe gari lako ni la mkono, una bahati. Tafuta mikroswichi yenye ulimi mrefu, iliyozibwa maji, ifunge kwenye kibati kidogo chini ya lile gamba la mpira la gia ya transfa, mkono wa gia ukifika L4 uuminye ule ulimi. Mguu wa C upe moto wa ACC (ule unaokuja ukigeuza ufunguo) kupitia fyuzi ya ampea 2, mguu wa NO (unaoungana na C ulimi ukiminywa) utoke uende kwenye dayodi. Basi. Waya wa BACK haunyonyi umeme wa maana kwa hiyo hapa relei ya pili haihitajiki. Fanya majaribio gari limesimama, H2, H4, L4, kisha L4 na rivasi pamoja, ndio ufunge gamba.

Na ile swichi aliyokufungia fundi usiitupe, iweke sambamba na mikroswichi, itakusaidia siku unataka kuona mbele ukiwa H2, mfano kuegesha karibu na ukuta wa loji.

Kamera zote mbili zipe umeme wa ACC muda wote, usizipe kwa kupitia taa ya rivasi kama wengi wanavyofanya, maana kamera ikianza kuwashwa inachukua sekunde moja mbili kabla picha haijaja na kwenye ukingo wa korongo hiyo sekunde ndiyo uliyokuwa unaihitaji. Halafu ujue redio nyingi zikipata BACK zinapunguza au zinakata sauti, ukiingia L4 muziki utanyamaza, kama inakukera angalia kwenye setingi.

Mahali pa kuifunga: usiweke chini kwenye bampa, dimbwi la kwanza tu imekufa macho. Weka juu, nyuma ya grili au chini ya bomba la juu la ngao, iangalie chini kidogo mpaka uone ukingo wa bampa lako kwenye picha, bila huo ukingo hutajua tairi liko wapi. Kama imeandikwa IP67 maana yake inavumilia kuzamishwa maji ya mita 1 kwa dakika 30, haimaanishi inavumilia ile mashine ya presha ya pale kuoshea magari, kwa hiyo waambie vijana wa kuosha wasiielekezee. Inayovumilia presha ni IP69K.

La mwisho, lenzi hizi ni pana sana, digrii 120 mpaka 170, zinakunja picha, mteremko mkali unaonekana kama uwanja wa mpira na jiwe lililo karibu linaonekana liko mbali. Pale ambapo ungeshuka kuangalia kwa miguu kabla ya kamera, endelea kushuka. Ila angalia simba kwanza.

SWALI: Assalaam alaykum kaka fundi. Mie nipo Muscat, nna Prado ilokuja na kamera pande zote kutoka kiwandani. Wikendi tunakwenda mchangani Wahiba na watoto, nikipanda tuta siioni ng'ambo, nategemea kamera ya mbele ifunguke nayo haifunguki mpaka nibonyeze, na mara nyengine nikibonyeza inajifunga. Mbovu? — Mama wa watatu, Muscat

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. Si mbovu. Hizi kamera za Toyota zina hali ya kujifungua yenyewe ambayo lazima uichague, ukiwa kwenye picha ya kamera tafuta alama yake kwenye skrini uiwashe. Ikishawashwa, ukiwa D na mwendo ukishuka kama kilomita 10 kwa saa inakuja, ukikaza mwendo inaondoka. Ndio maana inajifunga, wewe mchangani unapanda tuta na mwendo, na unafanya vyema maana ukipunguza katikati ya mlima wa mchanga utazama. Gari inafikiri uko barabarani hutaki picha.

Kwa hiyo kwenye tuta usiitegemee wakati wa kupanda, itegemee ukifika kichwani, pale unapoachia mafuta gari ikae juu, mwendo unashuka wenyewe na picha inakuja kabla macho yako hayajavuka boneti, kwa sababu kamera iko mbele yako kwa zaidi ya mita moja na nusu. Asubuhi na jioni jua likiwa usoni lenzi inapofuka kabisa, hapo mtangulize mwenzio wa gari nyengine avuke kwanza, asimame pembeni akuonyeshe kwa mkono. Na ifute lenzi kwa kitambaa cha maji, usifute kavu, mchanga utaikwaruza. Wenzetu wa Jeep kwenye Gladiator Rubicon waliweka kamera ya mbele yenye kirusha maji chake, unabonyeza inajiosha, hilo kwa kweli nawaonea wivu.

Usimruhusu mtu akukatie waya ili "aifungue mwendo wowote". Gari ina kompyuta zake zinaongea zenyewe kwa zenyewe, ziache.

SWALI: Fundi, nimefunga kamera ya mbele kwa Hilux yangu, picha inaruka na ni nyeusi na nyeupe, halafu kushoto iko kulia. Nimeuziwa takataka? — Nanyuki

JIBU: Bado hatujafika huko. Picha kuruka bila rangi, kamera ni AHD (picha kali ya HD) na redio imewekwa CVBS (picha ya kawaida), au PAL na NTSC (mifumo miwili ya video) zimepishana, ingia setingi za kamera ujaribu moja moja. Kama redio yako haina AHD kabisa, hiyo kamera rudisha uombe ya CVBS. Kushoto kuwa kulia ni kwa sababu kamera imetengenezwa kwa ajili ya nyuma, inageuza picha kama kioo. Angalia waya wake karibu na kichwa, nyingi zina vitanzi viwili vidogo vya waya, kimoja cha kugeuza picha, kingine cha ile mistari ya kuegesha, rangi zinatofautiana kwa hiyo soma karatasi iliyokuja nayo kabla hujakata. Ukishakata funga ncha kwa tepu, maji yakiingia hapo yanapanda mpaka ndani.