Wasomaji Wanauliza: Kwa treni hadi Boston, kuuona uwanja wa mwaka 1912

Swali: Ndugu Mhariri, salamu kutoka Kamalondo. Mwezi wa sita nitakwenda New York kumtembelea mtoto wangu wa kwanza, ambaye ameishi huko miaka saba na amekuwa mshabiki mkubwa wa mchezo wa besiboli. Ananiambia kwamba tutapanda treni hadi Boston ili anionyeshe uwanja wa zamani uitwao Fenway Park. Mimi nimezoea kandanda, na treni ninayoijua ni ile ya kwenda Kamina, ambayo mtu huipanda akiwa na sufuria, blanketi na chakula cha njiani. Je, safari hiyo ina maana kwa mtu asiyeujua mchezo wenyewe? Na kama siku hiyo hakuna mechi, tutaruhusiwa kuingia? *Mama wa Kamalondo, Lubumbashi*

Jibu: Mama, sufuria iache nyumbani. Kutoka New York hadi Boston ni karibu kilomita 370, na shirika la Amtrak lina treni za aina mbili katika njia hiyo. Acela, iendayo kasi, hutumia saa tatu na nusu au zaidi kidogo, na Northeast Regional, inayosimama katika vituo vingi zaidi, hutumia saa nne na ushei. Kwa kuwa muda mnaookoa ni mdogo na bei ya Acela kwa kawaida ni kubwa zaidi, mimi ningepanda hiyo ya pili. Kijana anunue tiketi mapema, kwa sababu bei hupanda kadiri siku ya safari inavyokaribia, nawe pasipoti yako iwe karibu. Katika kituo cha Penn, mtakakopandia treni New York, usishangae kuona abiria wamesimama wakikodolea macho ubao: namba ya jukwaa hutangazwa dakika chache tu kabla ya treni kuondoka.

Mkipata nafasi ya kuchagua viti, kaeni upande wa kulia. Baada ya mji wa New Haven reli huambaa na pwani, na utaona ghuba, mashua na vinamasi vya maji ya chumvi karibu kabisa na dirisha. Kwetu sisi tuliozaliwa mbali na bahari, sehemu hiyo peke yake yatosha kulipia nauli. Shukeni Back Bay, kituo kimoja kabla ya mwisho wa njia. Kutoka hapo mnaweza kutembea kwa miguu kama nusu saa, au kwenda hadi kituo cha Copley kilicho jirani na kupanda treni ya mjini yenye herufi B, C au D mpaka Kenmore. Ile ya E msiipande, kwa maana huchepuka kabla ya kufika huko.

Sasa uwanja wenyewe. Fenway Park ulifunguliwa mwezi wa nne mwaka 1912, miaka miwili tu baada ya reli kufika Lubumbashi, na timu ya Boston iitwayo Red Sox inacheza humo mpaka leo. Wewe unayekaa Kamalondo, ambako uwanja wa Mazembe umezungukwa na nyumba za watu, utauelewa upesi kuliko mgeni mwingine. Waliojenga Fenway walibanwa na mtaa wa Lansdowne upande wa kushoto, na kiwanja kikawa kifupi upande huo. Katika besiboli, mpigaji akiupeleka mpira hewani ukavuka ukuta wa mwisho ndani ya mistari, hukimbia vituo vyote vinne vya uwanjani na kupata alama bila kuzuiwa. Penye ukuta wa karibu, basi, kila mtu angefunga kwa urahisi. Ndiyo maana ukuta huo, ulio mita 94 hivi kutoka kwa mpigaji, umepandishwa hadi mita 11 na zaidi. Tangu mwaka 1947 umepakwa rangi ya kijani, na watu wanauita Green Monster, yaani dubwana la kijani. Mpira ambao kwingine ungetoka nje, hapa huugonga ukuta na kurudi uwanjani. Na ule wa juu ambao kwingine ungedakwa, hapa nao huugonga. Ukilielewa hilo, umekwisha kuelewa nusu ya mabishano ya mashabiki wa Boston.

Chini ya ukuta huo kuna ubao wa matokeo ambao mpaka sasa hubadilishwa kwa mkono, na anayebadilisha namba hujificha ndani ya ukuta. Upande wa kulia, kati ya maelfu ya viti vya kijani, tafuteni kiti kimoja chekundu: ndipo ulipoangukia mpira wa Ted Williams, mpigaji maarufu wa Red Sox, mwaka 1946, mita 153 kutoka alipoupigia, ukatoboa kofia ya majani ya mtazamaji aliyekuwa ameketi hapo.

Kuingia bila mechi kunawezekana. Siku nyingi za mwaka kuna matembezi ya kulipia, yakiongozwa na mtu anayeeleza historia, nayo huchukua karibu saa moja. Hata hivyo, mwezi wa sita ni katikati ya msimu, na ningekushauri uone mechi. Kabla ya kulipa, kijana aulize kama mbele ya viti vyenu kuna nguzo: paa la zamani limeshikiliwa na nguzo za chuma, na mtu anaweza kununua kiti halali asimwone mrushaji, yaani anayemrushia mpigaji mpira, hata mara moja. Viti vya mbao vya sehemu hiyo ni vyembamba pia, na magoti yako yatalalamika. Begi la mgongoni haliruhusiwi.

Mchezo huu hauna dakika tisini. Huenda mizunguko tisa, ambamo timu hupokezana kupiga, kwa kawaida saa mbili na nusu hadi tatu, na timu zikiwa sare huendelea. Kwa hiyo, mkichagua mechi ya mchana, tiketi ya kurudi iwe ya jioni kabisa; mkichagua ya usiku, laleni Boston.