Kati ya "lokali" na "kienyeji"

Msomaji wa Majengo, Moshi, anauliza: "Ukivaa kandambili kwenda mjini, vijana wa hapa wanakuita lokali. Je, ni Kiswahili? Na Waingereza nao hulitumia kudharau?"

Neno ni la Kiingereza, na shina lake ni la Kilatini, locus, yaani mahali. Huko Uingereza, kwa kawaida "local" ni kitu cha hapahapa. Hata baa ya jirani huitwa hivyo, tena kwa mapenzi. Maana ya ushamba tumeibandika sisi. Ni msimu, yaani neno la mitaani, na misimu huja ikapita. Vijana waachwe nao.

Siwaachi watu wazima wanaosema "kienyeji" wakimaanisha hovyo. Fundi akiacha nyaya zinaning'inia, eti kafunga kienyeji. Kikao kikikosa ajenda, eti kimeendeshwa kienyeji. Nimelisikia hili hadi kwa walimu! Kienyeji ni namna ya mwenyeji. Ukiiita kazi mbovu ya kienyeji, umetamka kwamba mwenyeji hajui kazi, na mwenyeji ni babu yako.

Panda Kibosho au Marangu ukautazame mfongo, yaani mfereji wa maji wa Wachagga. Maji yamechepushwa kijitoni huko juu, yakapitishwa ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo mno: yangekimbia yangekula udongo, yangesita yangetuama. Yanafika kihambani, kwenye migomba na kahawa, bila pampu. Maji yana zamu zake, na siku ya kuzibua mfereji watu hutoka na majembe. Wajerumani walipofika Kilimanjaro waliikuta mifongo inatiririka. Mteremko ule ulipimwa na wenyeji, kienyeji, na hauna uhovyo hata chembe.

Halafu mtu huyohuyo akienda soko la Mbuyuni anataka kuku wa kienyeji, na yuko radhi kumlipia zaidi kuliko wa kisasa. Kwa kuku sifa, kwa fundi tusi? Sikubali.

Kazi mbovu ina maneno yake, tena makali: hovyohovyo, shaghalabaghala, bora liende. Mitaani husema kulipua, nami nalipenda kwa sababu linamtaja aliyekosea bila kuwagusa wazee wake. Fundi wa zile nyaya amelipua kazi. Mwambie hivyo, kisha mrudishe juu ya dari amalize.