Jibu: Broshi ya malakiti, ni ya zamani kweli?
Yaya, umeuliza kama ile broshi (pambo la kubana nguoni kwa sindano) ya malakiti, lile jiwe la kijani, uliyoonyeshwa hapa Lubumbashi ni ya zamani kweli. Jiwe halitakuambia umri, maana malakiti ya Katanga inachongwa hadi leo. Geuza, tazama mgongo. Kwenye broshi nyingi za karne ya 19 sindano inanaswa na kindoano kilicho wazi, umbo la herufi C, na ncha yake mara nyingi inapita ukingo. Vifungo vya kuzungusha vilienea baadaye. Ila mafundi wanaiga hata kindoano, angalia! Jiwe liguse shavuni: la kweli ni baridi na zito, plastiki inapata joto upesi. Muuzaji asilisafishe kwa ndimu. Asidi inalila, la mama niliharibu hivyo.