Kuandika hadithi huku muziki unalia: mimi yalinikuta haya

Mkuu mleta mada, umeuliza waandishi wa hadithi humu tunaandika na muziki masikioni au kimya kimya, na kwamba wewe ukiweka nyimbo hadithi haiendi, ukizima unasikia kila kitu cha nje. Ngoja nikujibu kwa yaliyonikuta mwenyewe.

Kwanza hiyo "kimya" mnaipata wapi? Mimi nakaa Mbagala, chumba kimoja, dirisha linatazamana na banda la kinyozi na kinyozi ana spika mbili kubwa kuliko biashara yenyewe. Huyo ni wa mchana. Wikiendi kuna kigodoro mtaa wa pili, yaani ngoma ya mtaani ya usiku, singeli mpaka alfajiri, na singeli mnaijua inavyokimbia, midundo 200 na zaidi kwa dakika, hakuna mhusika anayeweza kuchumbia kwa utaratibu kwenye spidi ile. Kwahiyo kwangu mimi ni uchague muziki wako au upangiwe na kinyozi, basi.

Mwanzoni nilikuwa naweka bongofleva za mapenzi, hedifoni masikioni, sauti juu, nikiamini zinanipa mudi. Mimi naandika simulizi za mfululizo, nauza kwenye magrupu ya WhatsApp, naandikia kwenye simu usiku nikitoka kazini. Sasa kuna sehemu ya msiba, mama kafiwa na mwanawe wa pekee, kakaa kwenye jamvi, wanawake wamemzunguka, mmoja kamshika mabega, na mimi huku naandika machozi yananitoka kabisa nikajua leo nimeua. Nikatuma saa sita usiku nikalala. Asubuhi nakuta mama mmoja mtu mzima, msomaji wangu wa siku nyingi, kaandika: "Mwanangu, huyu mfiwa analia au anaimba?" Narudi kusoma naona aibu, mfiwa kasema kiitikio kizima cha ule wimbo niliokuwa naurudia, neno kwa neno, maneno ya mtu aliyeachwa na mpenzi! Wiki nzima grupu wananiita DJ.

Ndo nikaanza kufuatilia. Kumbe wanasaikolojia walishalipima hili zamani, kuna Salamé na Baddeley, mwaka 1989 walitoa utafiti wao, watu wanapewa namba za kukumbuka kwa mpangilio huku muziki unalia nyuma, na muziki wenye mtu anaimba ukawavuruga kuliko wa ala tupu. Najua kukumbuka namba sio kuandika riwaya, ila jiangalie unapotunga sentensi: unaishika kichwani kwanza, unaigeuzageuza, ndo unaiandika. Pale pale unapoishikia ndo muimbaji anapoingilia na maneno yake. Maneno yanagombana na maneno, yako ndo yanashindwa kwa sababu ya mwenzako yana kinanda.

Nikasema poa, nitaweka lugha nisiyoijua. Nikahamia rumba ya Kongo, Franco na bendi yake TPOK Jazz, Lingala yangu inaishia bolingo na motema kwahiyo hakuna cha kuniibia sentensi. Kingine nilichopenda wimbo mmoja unaenda dakika kumi na kitu, huamki kila mara kubadilisha. Ilinisaidia kweli, japo watafiti wengine wanasema hata maneno ya lugha usiyoijua yanavuruga, na mimi nawaamini nusu maana nilikuja kugundua tatizo lingine, sebene, ile sehemu ya magitaa yanayochangamka. Rumba inaanza taratibu, mtu anabembeleza weee, halafu magitaa yanafunguka. Nikisoma kazi zangu za kipindi kile naona kabisa hapa sebene liliingia: watu walikuwa wanaongea vizuri sebuleni ghafla sentensi zinakuwa fupi fupi, mtu kasimama, kiti kimeanguka, mlango umebamizwa, na hakuna sababu yoyote kwenye hadithi! Siku hizi natumia makusudi, nikiwa na sehemu ya kukimbizana naweka sebene tupu. Sehemu ya mazungumzo siigusi.

Alafu kuwa makini na listi zinazojipanga zenyewe. Kuna siku rumba inaenda vizuri, mara akaingia Remmy Ongala. Yule ni mzaliwa wa Kongo ila aliimba Kiswahili, tena anaimba kifo na umaskini kwa maneno ambayo unatamani ungeyaandika wewe. Niliweka simu chini nikamsikiliza yeye saa nzima. Ukurasa sifuri.

Kilichonikaa mpaka leo ni bashraf. Kwa wasioijua, ni ile ya ala tupu wanayofungulia taarab ya kale ya Zanzibar, ala zenyewe ni kama kanuni, udi na fidla, zote za nyuzi, hakuna anayeimba. Ikifika nyimbo zenyewe mimi nazima, taarab ina mafumbo bana, utajikuta unafumbua la mwenzio badala ya kutunga lako.

Ila nisichokubaliana nacho kwa wachangiaji wa juu ni kusema muziki unaua utunzi wowote. Hapo mnaongelea hadithi. Shairi ni kitu kingine, shairi lenyewe linatungwa na mahadhi. Mimi nikitunga shairi navua hedifoni kabisa, hata bashraf marufuku, naghuni mwenyewe kwa sauti ya chini, maana mahadhi ndo rula yangu. Juzi nimeandika "Nimekaa dirishani, mvua inapiga mabati". Kwa macho iko poa. Nikaighuni, ulimi ukajikwaa kipande cha pili, nahesabu kwa vidole nakuta mizani, yaani silabi, tisa badala ya nane. Nikaweka "mvua yapiga mabati", ikakaa. Sasa hapo kungekuwa na singeli ya kinyozi masikioni ningejuaje?

(Na tukisema ukweli, mvua ya kwenye mabati inashinda muziki wote huo, tatizo haipatikani kwa oda.)

Kwahiyo mkuu mimi nafanya hivi: nyimbo za maneno nasikiliza kwenye daladala nikienda kazini, ndo najaza mudi pale. Nikikaa kuandika ni bashraf kwa sauti ndogo, inayotosha kumfunika kinyozi tu, na siku sentensi ikigoma kabisa nazima nabaki na feni. Nikimaliza sehemu naisoma kwa sauti masikio wazi kabla sijatuma, hapo ndo nawakamata waimbaji waliojificha.

Yule mama bado yupo kwenye grupu. Sehemu ya juzi ilikuwa na msiba tena, akaandika mstari mmoja tu: "Leo kalia."